Vioo vya Mzee Sulemani

Hapa Majengo ya Meru hakuna mtu ambaye hajawahi kumshauri Mzee Sulemani aiuze ile pikipiki, na hakuna aliyesikilizwa. Imamu alimshauri kwa upole. Daktari alimshauri huku akimpima presha. Mkewe Kibibi alimshauri kwa njia zote alizojaliwa, kuanzia machozi mpaka kumpikia maharagwe wiki nzima, jambo ambalo nyumbani kwa mwenye bucha ni matusi ya wazi. Sulemani alikula maharagwe, akasema alhamdulillahi, akatoka nje akaipanda.

Pikipiki yenyewe si hizi za kubeba abiria na magunia. Ni ya spoti, ile ambayo mwenyewe hulala kifudifudi kama mtu anayetafuta kiatu chini ya kitanda, kidevu mbele, makalio juu. Aliuziwa na kijana mmoja aliyekuwa anakwenda Qatar, kijana mwembamba kama ufito. Sulemani ni mchinjaji na mtoto wa mchinjaji. Mabega yake huingia mlangoni kwa zamu, na tumbo lake, akishainama, hulala juu ya tangi kama paka aliyeshiba. Watu walipomcheka kwamba pikipiki haimfai, alijibu kwamba yeye hana haraka, itamzoea.

Na ilimzoea, maana aliipa kazi. Marehemu babake alimwachia sheria moja tu ya biashara: mzigo wako usindikize mwenyewe. Nyama ikitoka kichinjioni asubuhi, Sulemani hutangulia mbele ya pikapu yenye sanduku la nyama, akigeuka kutazama nyuma kila baada ya hatua chache, mpaka mzigo ufike bucha. Wako wachinjaji wanaopenda kufuata kwa nyuma. Yeye huwahurumia. Anasema anayefuata nyuma huona mlango wa sanduku, na anayetangulia huona uso wa dereva, na tangu dunia iumbwe maini hayajawahi kuibwa na mlango.

Shida ni kwamba pikipiki ya spoti haipendi kutazama nyuma. Vioo vyake viwili vidogo vilimwonyesha Sulemani viwiko vyake mwenyewe, cha kushoto upande wa kushoto na cha kulia upande wa kulia. Viwiko hivyo alikuwa navyo tangu utotoni na hakuwa na hamu ya kuviona tena. Akawa anageuza shingo. Kwa safari ya nyama, kutoka kichinjioni mpaka Majengo, shingo ilitosha.

Ndipo Shamima akaposwa.

Shamima ndiye kitinda mimba wake na binti pekee, mwalimu wa watoto wa chekechea, mwenye mdomo wa babake na akili za mamake, mchanganyiko ambao wachumba wengi waliutazama wakarudi makwao kimya kimya. Suhail wa Embu hakurudi. Babake Suhail, Mzee Abdilatif, ana duka la vitambaa kule Embu na ni mtu wa mpangilio, mtu ambaye hata bakora yake ina msumari wake ukutani. Mambo yakaenda vizuri, mahari ikakubaliwa, siku ikawekwa, na Sulemani akatangaza mbele ya wageni, mdomo ukiwa bado na mchuzi, kwamba msafara wa kumpeleka bibi harusi Embu ataongoza yeye, kwa pikipiki.

Wageni waliacha kutafuna. Kwa desturi yetu Majengo, baba akishaozesha kazi yake imekwisha. Husimama mlangoni, huinua mkono, hurudi ndani kuuliza kama pilau imebaki. Bibi harusi husindikizwa na shangazi zake na somo wake, yule mama aliyemfunda, na huko aendako hupokewa na wenyewe. Baba kuonekana ukweni siku ile ile ni kama mtu aliyeuza ng'ombe kisha akaja na blanketi kulala zizini.

Wageni walipoondoka Kibibi alimuuliza kama amepatwa na homa. Sulemani akamweleza, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha amua, ile sheria ya marehemu babake kuhusu mzigo.

"Unamfananisha mtoto wangu na paja la ng'ombe, Baba Shamima?"

"Paja nalisindikiza mpaka hapo Majengo," Sulemani akasema. "Yeye nitamsindikiza mpaka Embu. Sasa niambie nani amedharauliwa hapo."

Kesho yake Mzee Abdilatif alipiga simu. Alizungumza kwa adabu na kwa urefu, akasema magari yamepangwa, yote meupe, na kwamba pikipiki ikitangulia, watu wa njiani watadhani ni kampeni za siasa. Akamwomba mkwe wake apumzike siku hiyo, amechoka na malezi. Sulemani alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mtoto nimekupa, Mzee Abdilatif," akasema. "Barabara sijakupa. Hiyo ni ya serikali."

Kibibi alimnyang'anya simu na kuanza kushona palipochanika. Akashona karibu saa nzima, na mwishowe mkataba ukapatikana: Sulemani ataongoza mpaka daraja la Thuci, pale Embu inapoanzia. Wazee wa Embu watangoja ng'ambo ya daraja na gari lao, wachukue uongozi, na yeye ageuze arudi nyumbani. Kibibi akamuuliza kama amekubali. Sulemani akasema amesikia. Mtu wa Majengo akikwambia amesikia, amekupa habari za masikio yake tu.

Lakini sasa palikuwa na shida ya kweli, na yeye aliijua kuliko wote. Kutoka Meru mpaka Embu si safari ya shingo. Ile barabara imejaa kona, madaraja na miteremko, na mtu anayegeuka nyuma kutazama bibi harusi pale Nithi atamaliza safari chini mtoni akiwaeleza samaki habari za mahari. Asipogeuka hatamwona. Na kama hatamwona, basi anasindikiza upepo, na wote waliomcheka watakuwa wamesema kweli: mzee mnene juu ya pikipiki ya kijana, anakwenda mbele peke yake. Alitaka kumwona mwanawe njia nzima, mpaka mlango ufunguliwe. Hilo tu. Hakumwambia mtu, alisema anataka vioo.

Vya kwanza alinunua mjini, vyembamba, vyenye rangi ya samawati, vinavyokunjika kama mabawa. Vijana wa stendi walivisifu sana. Akaviona viwiko vyake kwa rangi ya samawati.

Vya pili vilikuwa vya duara, vile vya kufungwa kwenye ncha za usukani, ndiyo fasheni ya wakubwa wa Nairobi, akaambiwa. Hivi vilionyesha nyuma vizuri kabisa, mradi unakwenda moja kwa moja. Alipofika Gakoromone na kukata kona ya kwanza, kioo cha kushoto kikaja kikazama tumboni, usukani ukakataa kugeuka, na Mzee Sulemani akaingia kwenye kabichi za mama mmoja kwa heshima zote, taratibu, huku akimsalimia. Kabichi zilizopasuka alizichukua zote, na nyumbani Kibibi akazipika bila kuuliza chochote, siku nne.

Ndipo akaenda kwa Hezekiah. Huyu ni fundi wa chuma nyuma ya soko, Mmethodisti, mwimba kwaya wa sauti ya nne, na kwa kujisifu hakuna anayemkaribia ila Sulemani mwenyewe, ndiyo maana wanapendana. Hezekiah aliizunguka pikipiki, akaipiga teke la upole kwenye tairi.

"Mzee, hii haikuumbiwa nyuma," akasema. "Waliotengeneza walijua mwenyewe hatapitwa na mtu."

"Waliotengeneza hawana binti," Sulemani akamjibu.

Hezekiah akacheka, akavua saa yake, ishara kwamba amekubali kazi. Akakata vipande viwili vya chuma, akavitoboa matundu yalingane na yale ya plastiki ya mbele, vikasogeza vioo nje kwa upana wa kiganja na mbele kidogo, ili mabega ya mchinjaji yabaki ndani na dunia ipite nje. Vioo vyenyewe hakutaka vya pikipiki. Alivitoa kwenye Canter moja iliyokufa kando ya karakana yake, vile vya chini vilivyobinuka, vinavyomwonyesha dereva mpaka tairi la nyuma. Wakawasha pikipiki, na picha ikaanza kutetemeka. Pikapu moja ikawa tatu, dereva mmoja akawa ukoo mzima. Hezekiah akakata mipira ya tairi kuukuu, akaibana katikati ya chuma na plastiki, kisha akabandika kipande kizito cha chuma nyuma ya kila kioo. Ukoo ukarudi kuwa dereva mmoja.

Sura ya pikipiki sasa ilikuwa jambo jingine. Mnyama yule aliyekuwa kama swala alikuwa ameota masikio. Kuanzia siku ile, Sulemani akipita stendi, waendesha bodaboda walimsalimia kwa kuweka viganja kichwani na kuvichezesha. Siku moja akasimama, akazima injini, akawangoja wamalize.

"Haya, ni punda," akawaambia. "Mmewahi kusikia punda amepoteza mzigo? Ninyi abiria wenu wanashuka njiani na hamjui."

Akawasha akaenda. Na masikio hayakutoka.

Kila jioni baada ya kufunga, alilala juu ya pikipiki mbele ya bucha, na koti lake jeupe la kazi limefungwa kwa kamba ya aproni, na nusu ya Majengo imesimama nyuma yake kumsaidia kupima. Inua kushoto. Shusha. Unamwona mama wa chapati? Namwona. Unamwona paka? Namwona na anaiba. Alijaribu asubuhi kwa pikapu ya nyama, akaona uso wa dereva vizuri hata akajua kwamba amenyoa masharubu. Alirudi nyumbani akimwambia Kibibi kwamba katika nchi hii, kuanzia Moyale mpaka Mombasa, hakuna mtu anayejua kilicho nyuma yake kama yeye.

Siku ikafika. Nikaha ilifungwa asubuhi msikitini, watu wakala, na baada ya adhuhuri magari yakapangwa. La bibi harusi lilikuwa jeupe, lenye utepe wa kijani, na dereva wake alikuwa binamu wa Suhail kutoka Embu, kijana wa miwani ya jua ambaye alimtazama Sulemani kama mtu anavyotazama roshani iliyojengwa na jirani kwa mabati. Ndani alikaa Shamima katikati ya shangazi yake na somo, shela usoni, kimya. Tangu alfajiri hakuwa amesema neno, kama inavyompasa bibi harusi. Kwa Shamima hiyo ilikuwa rekodi.

Sulemani alivaa kanzu mpya. Kibibi alikuwa amemwambia fundi cherehani aikate kwa upana, maana nguo ya harusi ni ya kudumu na mumewe hakuwa anapungua. Ilikuwa kanzu ya kutosha watu wawili wanaosikizana. Akaitia kofia mfukoni, akavaa helmeti, akainama, akatazama kioo cha kushoto. Gari, utepe, dereva, na nyuma ya dereva kitu cheupe kilichokaa wima. Mwanawe. Akatia gia.

Ndani ya mji mambo yalikuwa matamu. Alikwenda polepole, wanawake wa Gakoromone wakipiga vigelegele, stendi nzima ikiweka viganja kichwani, na yeye akiwapungia kama gavana. Mji ukaisha. Barabara ikafunguka. Akaongeza mwendo kidogo, na hapo vioo vyote viwili vikajaa wingu.

Alifikiri ni ukungu wa mlima. Akapepesa macho. Akasogeza mkono wa kushoto, na wingu la kushoto likasogea. Akasogeza wa kulia, na la kulia likafuata. Ilikuwa kanzu yake. Upepo uliingia mikononi, ukapanda mabegani, ukatua mgongoni, na mikono ya kanzu ikavimba kila mmoja kama gunia la pamba. Wiki tatu alikuwa amevipima vioo kwa koti la bucha lililofungwa kiunoni, mbele ya mashahidi nusu ya Majengo, Waislamu wazima, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba mtu haozeshi binti yake kwa koti la bucha.

Akageuza shingo kutazama nyuma. Pikipiki ikafuata shingo, kama inavyofanya, na alipogeuka tena mbele lori la mchanga lilikuwa karibu kuliko alivyoliacha. Akashika breki. Yule binamu wa miwani hakutaka nafasi nyingine. Akapiga honi ndefu, akampita. Na gari la pili likapita, na la tatu, na wanawake wa Majengo wakimtazama dirishani kwa macho ya pole, mpaka msafara mzima ukaisha na mkia wake ukapotea kwenye kona ya Nkubu. Sulemani amewahi kuonja aibu nyingi katika maisha yake, na nyingi alizipenda. Hii hakuipenda.

Alisimama pale njia ya kushuka Mitunguu inapochepuka. Mwanamke mmoja alikuwa anauza ndizi chini ya mwavuli, mikungu imepangwa mpaka kiunoni mwake, na anafunga vichane kwa kamba za mgomba uliokauka. Jina lake Kanana. Alikuwa ameuona msafara ukipita na sasa alikuwa anaona hema jeupe likishuka kwenye pikipiki yenye masikio.

"Muga, mzee. Wewe ni nani wao, hao wa harusi?"

"Baba wa bibi harusi."

"Sasa mbona uko nyuma?"

Sulemani akanyoosha mikono, akamwonyesha ile mikono ya kanzu, akamwonyesha vioo. Kanana hakuhitaji maelezo zaidi. Mtu anayefunga ndizi tangu asubuhi akiona kitu kimefumuka vidole vyake huwasha. Akachukua kamba za mgomba, akazilowesha kwenye ndoo, akaanza. Akafunga vifundo vya mikono, akafunga chini ya viwiko, akafunga juu ya viwiko, akapitisha kifuani mara mbili na kukaza mgongoni kwa goti, kisha akakusanya upindo na kuufunga kwenye magoti. Sulemani akalalamika kwamba damu haipiti. Kanana akamwambia hata mkungu hausumbui hivyo.

Alipomaliza akarudi nyuma kuitazama kazi yake. "Umekuwa kama bunda la miraa ya Mikinduri," akasema.

"Basi niwe ile inayokimbizwa kupanda ndege," Sulemani akamjibu, na akapanda.

Sasa, hiyo pikipiki, watu wanaitukana kwa sababu hawajawahi kuiona ikiwa na sababu ya kwenda. Siku ile ilikuwa nayo. Tumbo, yule paka aliyeshiba, lililala juu ya tangi, masikio yakakata upepo, na kanzu haikutikisa hata ukosi. Aliwakuta Igoji, wamebanwa nyuma ya trekta kwenye mlima. Akawapita mmoja mmoja, kwa nafasi na kwa adabu, na ndani ya kila gari kicheko kilianza na kabla hajamaliza kupita kikageuka vigelegele, kwa maana wanawake wa Majengo wanajua kucheka mtu na kumshangilia kwa pumzi moja. Alipofika kwa binamu wa miwani hakumtazama. Akaingia mbele yake, trekta likachepuka, na yeye akatazama kioo.

Hakukuwa na wingu. Alimwona dereva, midomo imekaza. Alimwona shangazi ameshika kichwa. Na katikati yao alimwona Shamima, shela ameitupa nyuma, anacheka mpaka somo amemshika bega kumkalisha. Sulemani hakuwahi kujua kwamba meno ya mtu huonekana mbali hivyo.

Kutoka pale hakuna alichokikosa. Mteremko wa Nithi, ambao kila dereva huushuka na dua yake, aliushuka taratibu, mkono mmoja ukiinuka kuwaonya wa nyuma kila lori lilipotokea. Baada ya Chuka akaona binamu ameweka simu sikioni. Sulemani akapunguza mwendo, akapunguza tena, mpaka pua ya gari ikakaribia kunusa namba yake, na akainua kidole kimoja akakitikisa. Simu ikashuka. Pengine alikuwa anawaarifu Embu kwamba mzee amerudi mbele, maana walipoanza kuteremka kuelekea Thuci, wazee walikuwa tayari, si ng'ambo ya daraja kama ilivyokubaliwa bali upande huu, wanne, kanzu na makoti, wamesimama kando ya gari lao jeupe, na mmoja amenyoosha mkono kuonyesha mahali pa kusimama.

Sulemani aliinua mkono wake uliofungwa, akawasalimia vizuri sana, akapita.

Akaingia darajani. Ndipo akatazama kioo, na moyo wake ukashuka mpaka kwenye gia, kwa sababu gari la bibi harusi lilikuwa limewasha indiketa. Ile taa ya njano ilikuwa inapepesa upande wa wazee. Gari likapunguza mwendo, likaanza kuiacha lami. Yeye hakusimama. Hakugeuka pia. Angesimama angekuwa amekubali, na angegeuka angekuwa ameomba. Akashikilia mwendo wa mtu anayetembea, miguu karibu iguse chini, macho yote mawili kwenye kioo kimoja, na lile daraja, ambalo si refu, likawa refu.

Kilichosemwa ndani ya gari alikuja kukisikia baadaye, kwa shangazi, ambaye hukisimulia mpaka leo akiwa amefunika mdomo. Bibi harusi, ambaye hakuwa amesema neno tangu alfajiri, alimgusa dereva begani.

"Fuata baba," akasema. "Ukisimama hapa, mimi nashuka, na hiyo ndoa utaipeleka wewe."

Sulemani aliiona indiketa ikizimika. Aliliona gari likirudi kwenye lami, na magari mengine nyuma yake kama shanga kwenye uzi, na mwisho kabisa wale wazee wanne wakikimbilia gari lao, kanzu mkononi, ili wawe mkia wa msafara walioujia kuuongoza. Hakucheka. Alikohoa ndani ya helmeti, kioo chake cha mbele kikaingia ukungu, ikabidi akiinue kidogo.

Wakapita Runyenjes, wakaingia Embu, na vigelegele viliwapokea kabla ya kufika mlangoni. Vilikatika kidogo watu walipoona kilichotangulia, kisha vikaendelea, maana wanawake wa kule nao ni wanawake. Shamima akashushwa chini ya khanga, akaingizwa ndani, na mlangoni akageuza kichwa mara moja kabla shangazi hajamsukuma.

Mzee Abdilatif alitoka na bakora yake. Aliizunguka pikipiki kama Hezekiah alivyoizunguka, ila bila teke.

"Mzee Sulemani. Tulikubaliana daraja."

"Tulikubaliana. Nimelipita."

"Huku baba wa bibi harusi hapangiwi kiti siku hii. Unajua desturi."

"Naijua. Nimekuja na changu," Sulemani akasema, na akapiga siti ya pikipiki kwa kiganja.

Abdilatif alimkagua kwa ncha ya bakora, kamba zote zile, mabega, masikio. Ni mtu wa mpangilio, na jambo hili halikuwa na msumari wake ukutani. Mwishowe akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amebeba mwenyewe sahani ya pilau, nyama juu. Sulemani akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka juu ya tangi, akaonja ile nyama, akasema imekatwa vibaya lakini imepikwa na mtu anayemwogopa Mungu. Wanawake wakaja na kisu kumkata zile kamba ili apigwe picha na wakwe akiwa kama watu. Akakataa. Akasema aliyefika Embu ndiye huyu, wakitaka mwingine wamngoje.

Picha ikapigwa hivyo hivyo. Iko sebuleni kwa Suhail, juu ya kabati la vyombo: wakwe wamesimama wima kwa mstari, na mbele yao mtu mnene amefungwa kamba za mgomba kutoka kiganjani mpaka magotini, anatafuna. Wageni huuliza huyo ni nani, na ni nani aliyemfunga, na Shamima huwajibu huku akimimina chai, "Huyo ndiye aliyenileta."